Udongo wa Ursula Kwenye Benchi la Sultanali

Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Sultanali, mtaani Nyamugari, Gitega, kuna benchi refu la mkalitusi ambalo halijakaa tupu tangu bunduki zinyamaze. Josefina huwasha jiko lake la kahawa pembeni, na kabla maji hayajachemka watu wake wamekwisha kufika. Yupo Nazario, fundi mwashi, waliyempa jina la Timazi kwa sababu hawezi kuona ukuta, meza wala kola ya shati bila kusema imepinda. Yupo Yakobo, aliyebeba mizigo miaka kumi mpakani Kobero, wakamwita Bariyeri, kama kile kizuizi cha mpakani. Na yupo mwenye duka mwenyewe, mzaliwa wa Muyinga kama baba yake, anayeitwa Kilo, maana hata ukimuuliza habari za nyumbani hutulia kwanza kama anapima misumari. Jumamosi ile akaongezeka wa nne: Ursula, binti wa kaka yake Nazario, ameshika ndoo ya udongo wa mfinyanzi na uso wa mtu aliyetoka matangani.

— We mtoto, nani amekufa? Yakobo aliuliza.

— Mpango wangu, Ursula alijibu.

Akawaeleza. Shuleni kwao, darasa la uchongaji, kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza sanamu iliyotokana na jengo. Kabla ya sanamu ulitakiwa mpango: mchoro, vipimo, kitu itakachotengenezwa nacho, na mstari mmoja wa kueleza kwa nini. Ursula alichora kanisa lenye minara miwili. Alhamisi mwalimu Ignasi aliutazama mchoro, akaugeuza, akamuuliza kwa upole, "Wewe uko wapi humu ndani?" Akampa hadi Jumatatu mchana. Asiye na mpango hatakuwa na nafasi kwenye maonyesho, na alama za muhula mzima zilikuwa huko.

Jambo moja hakuwaambia. Nyuma ya darasa kuna sauti iliyosema, "Huyo alikulia kwenye turubai, majengo atayajulia wapi?" Watu wakacheka. Naye akacheka, ili asionekane.

— Bon, Nazario alisema, akivuta ndoo. Kama ni majengo, umefika. Nusu ya Nyamugari nimejenga mi.

— Nusu ile iliyopinda, Yakobo akasema.

— We nyamaza. Ursula, chukua nyumba ya mwami, mfalme wetu, ile ya zamani, ya nyasi, ya mviringo. Unajua ilianza namna gani? Mama mmoja alikuwa anasuka kikapu. Mvua ikaja. Akamfunika mtoto na kikapu, mtoto akalala. Basi! Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza. Donc mafundi wote sisi ni wajukuu wa msuka vikapu.

— Na mtoto alipumua vipi? Josefina aliuliza, akimimina kahawa.

— Kikapu iko na matundu, mama.

Ursula aliandika "kikapu" kwenye daftari lake. Nazario alikwisha kuchota udongo na kuufinyanga uwe kama bakuli lililofunikwa.

— Mi siamini, Yakobo alisema. Nyumba ilianza na lori.

— Lori gani wakati wa mwami?

— Acha nimalize! Dereva anafika mpakani, karatasi hazijatimia. Analala siku moja. Analala wiki. Anaweka jiko. Anaita mke wake. Matairi yanazama kwenye matope, watoto wanazaliwa. Kitu hicho unaita nini?

— Lori iliyoharibika.

— Unaita nyumba! Mpaka leo, chimba chini ya nyumba yoyote ya Gitega, utakuta ekseli ya lori.

Akachukua udongo wake naye, akasimamisha bariyeri ya Kobero mbele ya nyumba ya mwami, na kijiti cha kupanda na kushuka. Ikabaki zamu ya Sultanali. Alitulia. Wakamsubiri.

— Nyumba ilianza na baraza, alisema mwishowe. Mtu alikuwa na chumvi ya kuuza. Akasimamisha nguzo mbili na kivuli, mteja asichoke kubishana. Mteja akakaa, akasahau kwenda. Giza likaingia. Sasa utamfukuza mgeni? Ikabidi kuongeza ukuta. Babu yangu Muyinga alijenga hivyo hivyo, baraza kwanza. Bibi yangu Noorjehan alilala miaka miwili katikati ya magunia, na alikuwa anasema hajawahi kulala vizuri kama wakati ule.

— Kwa hiyo ukuta ni wa mteja? Yakobo aliuliza.

— Ukuta ni adabu, Sultanali akajibu, na akaweka nguzo sita.

Baada ya hapo hakuna aliyesubiri zamu. Nazario alipandisha ghorofa juu ya kikapu, Yakobo akapachika matairi manne, Sultanali akaenda dukani akarudi na misumari ya kuwa uzio. Ursula alicheka mpaka kalamu ikamdondoka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kisha akachungulia ndoo. Ilikuwa tupu. Udongo wake wote ulikuwa pale chini, kwenye jengo kubwa lenye kila mtu ndani yake isipokuwa yeye. Kicheko kikamkauka.

Ndipo akafika mama mmoja, Emiliana, mkulima kutoka Itaba, mwenye vumbi la safari mpaka magotini.

— Nataka bawaba mbili, alimwambia Sultanali. Namalizia nyumba yangu.

Akaona kile kitu chini. Akakizunguka upande huu, akakizunguka upande ule.

— Hii ni nini?

— Jengo! walijibu watatu kwa pamoja.

— Ego, haya. Na mlango iko wapi?

Nazario aliinama akachungulia nyuma ya kikapu. Yakobo alinyanyua kile kijiti cha bariyeri.

— Hiyo ni ya kuzuia watu, Emiliana alimwambia. Mimi nauliza ya kuingia.

— Baraza haihitaji mlango, Sultanali alijaribu, lakini sauti yake mwenyewe haikumwamini.

— Mlango uko kwetu Muyinga, Ursula alisema.

Wakamgeukia wote. Hakujua kama atasema, lakini maneno yalikwisha kutoka.

— Kambini Lukole, kule Tanzania tulikokimbilia vita, baba alitengeneza mlango kwa madebe ya mafuta ya kupikia ya msaada. Aliyachana, akayanyoosha juu ya jiwe kwa nyundo, akayapigilia moja baada ya jingine kwenye mbao. Jua likiwaka, ulinukia chapati. Siku ya kurudi tuliacha kuta, tukaacha turubai. Baba akafungua bawaba, akaupakia mlango kwenye lori. Mama alimwambia, Kastori, wenzio wanabeba magodoro. Tulipofika Muyinga hatukuwa na nyumba, uwanja mtupu. Baba akausimamisha mlango kwanza, na fremu yake. Kuta zikafuata baadaye, miezi minne. Na miezi yote hiyo hakutaka tupite pembeni. Alisema, piteni mlangoni kama watu.

Yakobo aliweka kikombe chini.

— Mi nilishusha milango mingi pale Kobero, alisema polepole. Milango bila nyumba. Nilikuwa nacheka. Yemwe, kumbe nilikuwa nacheka nini?

Nazario alimtazama binti wa kaka yake. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuona kilichopinda.

— Piga simu kwa baba yako, alisema.

Sultanali akatoa simu yake, akaweka sauti kubwa. Kastori aliitika kwa kelele, kama wale wanaoamini Gitega ni mbali hata kwa simu.

— Baba, shikamoo. Nauomba mlango wetu. Nataka niulete Gitega, usimame kwenye maonyesho ya shule.

Jogoo aliwika upande wa pili.

— Marahaba. Ukiuchukua, mimi na mama yako usiku tutafunga nini?

Ursula alimtazama Nazario. Nazario alimtazama Sultanali, Sultanali akamtazama Emiliana na bawaba zake mkononi. Josefina aligeuza birika, likatoa tone moja.

— Siutoi, Kastori aliendelea, na sauti yake ikashuka. Lakini madebe hapa hayakosi. Njoo kesho nikufundishe kuyanyoosha. Usije na viatu vya shule.

Jumapili Ursula alipanda basi la kwanza kwenda Muyinga. Debe la kwanza alilipasua katikati. La pili likamkata kidole. Baba yake alimfunga kitambaa, akamshika mkono, akamwonyesha jinsi ya kuiachia nyundo ianguke kwa uzito wake yenyewe. Walifanya kazi mpaka jioni, wakizungumza habari za watu wa kambini ambao hawakuwataja kwa miaka mingi.

Jumatatu mchana aliweka karatasi mezani kwa mwalimu Ignasi. Mchoro wa mlango na fremu yake, umesimama peke yake, bila ukuta. Chini yake mstari mmoja: "Kwetu kuta zilifuata."

Mwalimu aliusoma mara mbili. Akachukua kalamu, akatia sahihi.

— Utahitaji madebe mangapi?

— Thelathini na mawili, Ursula alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma. Matatu nimeshayanyoosha.