Kanda Saba za Senan Considine

“Umezichoma wewe, Attracta, na hilo jiko lako!”

“Mimi? Wewe Tadhg, miaka kumi na minane hukuja hata kuzisikiliza, leo ndiyo unaona uchungu?”

Wapendwa waombolezaji, hivyo ndivyo baba mdogo Tadhg na shangazi Attracta, anayetupikia, walivyogombana jana mchana jikoni kwetu, mbele ya wengi wenu, pale mashine ilipowashwa ili mmsikie marehemu akipiga zumari, na kanda ya kwanza ikakatika vipande kama majani makavu, kisha ya pili, hadi ya saba. Nimepewa kusoma historia ya baba yangu, nami nitaisoma yote pamoja na hilo, kwa sababu waliogombana hawana kosa.

Senan Considine alizaliwa tarehe 4 Machi 1919 hapa Cooraclare, akasoma shule ya kijiji hadi 1932, kisha akafanya kazi ya kutengeneza barabara za wilaya, na kila kiangazi kukata mboji ngumu ya bondeni, inayokaushwa na kuchomwa kama kuni. Zumari, hili letu la mfuko unaojazwa hewa kwa kiwiko, alifundishwa na babu Mícheál, nyimbo thelathini na moja ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Tarehe 12 Juni 1955 alifunga ndoa na Nuala Hehir, nikazaliwa mimi, Breda, mwaka 1957, peke yangu, na mama akatutoka 1966.

Mwaka 1956 binamu yake alikuja likizo kutoka Boston na mashine ya kurekodi, wakakaa siku nne, nyimbo zote zikaingia kwenye kanda saba, nakala haikufanywa, na binamu huyo naye hayupo tena.

Tarehe 3 Novemba 1972 baba alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukafa, nami nikaacha shule mwezi huohuo ili nimtunze. Hakupiga tena. Kila Jumapili aliniambia nivute sanduku chini ya kitanda, akazihesabu kanda kwa kidole, akasema ndimo alimobaki. Bwana Lysaght wa hifadhi ya muziki ya Dublin, aliye hapa nasi, alikuwa azichukue Jumatatu ijayo.

Tarehe 17 Januari mwaka huu wa 1991 alilazwa kwa nimonia, na tarehe 9 Februari, saa tatu asubuhi, akafariki. Wiki hizo zote mvua ilinyesha, kuta za chumba chake zikalowa, nikazitoa kanda na kuziweka juu ya jiko, pale kwenye mkebe wa matete ya zumari. Wapigaji mnajua, tete likipata unyevu sauti hufa. Kumbe kanda hufa kwa joto. Nimemuuliza Bwana Lysaght mara tatu kama zinaungika, naye kila mara amenishika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea mkate na chai, na wenzake wa barabarani mliochimba kaburi kwenye mvua. Baba, lala salama, unisamehe.

Siku gari la wagonjwa lilipokuja, wahudumu walisimama naye kidogo mlangoni, akanivuta koti kwa mkono wake mzima, akasema, “Breda, mama, kanda zangu usiziache kwenye baridi. Ziweke na matete yangu.”