Nafasi Moja ya Mke

Basi la Korogwe lilipotoka Mkata, Hafsa aliacha kusinzia. Kwenye kiti cha mbele yake, mzee Lesiamon, mfugaji, alikuwa akimsimulia mkulima Mhina habari za Jamvini, mtandao mpya wa marafiki uliozinduliwa wiki ile. "Unaweka picha yako, mtu wa Mwanza anakupigia makofi kwa kidole!"

Kisha akashusha sauti, ikasikika hadi kwa dereva. "Ila nafasi ya mke ni moja tu, na mimi ninao watatu."

"Mwandike bi mkubwa."

"Halafu kwa wale wawili niingie kwa mlango gani?"

"Basi iache wazi."

"Niitwe kapera, na mvi hizi? Nimeandika Siamanta. Ni mtamba niliyemnunua jana mnadani, nyumbani hawajamjua. Nani atamwonea wivu ng'ombe? Tena watu sitini wamenipongeza!"

Hafsa akajiziba mdomo kwa khanga. Mhina akauliza polepole, "Mzee, wake zako wana simu?"

Simu ya Lesiamon ikalia. Akasikiliza, akaikata.

"Wako stendi, wote watatu. Wamekuja kumpokea Siamanta."

Basi likasimama. Nje vikapigwa vigelegele.