Mabega ya Kunibeba

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Khoat ilaze hiyo simu kifudifudi juu ya meza, maana nimekuona unaipapasa kama mtu anayetaka kunipiga picha, na mimi bado sijafa. Nikifa utapiga utakavyo, sitapepesa jicho. Thoa, binti yangu, niinulie mto kidogo. Mkwe wangu Xuyen, mke wa Khoat, kaa hapo mlangoni usikie vizuri, tena usinune kabla sijakutaja, utanuna zamu yako ikifika. Niliyo nayo ni mengi na pumzi ni chache, kwa hiyo asinikatize mtu, hata kwa kulia.

Jeneza langu mnalijua. Liko kule nyuma juu ya magogo, limefunikwa mkeka, mbao alizonichagulia baba yenu mwenyewe, akizigonga kwa kidole mojamoja kama mtu anayechagua tikiti, akasema, "Humu utalala vizuri kuliko nilivyokulaza mimi." Kaburi nalijua, pembeni mwa jaruba la mpunga la juu, ubavuni pa baba yenu. Nguo nyeupe za msiba Thoa ameshazishona, ingawa anazificha chini ya kitanda akidhani mzee hana pua. Kila kitu kipo. Kisichokuwepo ni mabega. Nimelala hapa nikiwapitia wanaume wa kijiji hiki mmoja mmoja, nani atainama kulishika jeneza la mama yenu, na kila nikifika mwisho nakuta nimebaki na wewe Khoat na mume wa Thoa mwenye kiuno kibovu. Wawili hawabebi jeneza. Wawili hubeba nguruwe.

Basi sikilizeni mabega yangu yalikokwenda, maana kuna mmoja humu ndani anajua na anatazama dari.

Nilipoletwa kijijini hapa mwali, mama mkwe hakuanza kunionyesha jiko. Alinipeleka kwenye jaruba la Bi Ngat, akaniambia vua viatu, shuka, pandikiza. Nikamuuliza, mama, hili si letu? Akanijibu kwamba ndiyo sababu. Hivyo ndivyo tulivyoishi kabla ninyi hamjazaliwa: leo sote kwako, kesho sote kwangu, na mgongo ulioinama kwenye tope la mwenzio hulipwa kwa mgongo, haulipwi kwa pesa wala kwa sahani ya nyama. Mpunga una haraka zake. Miche ikitimia kitaluni haimngoji mtu, ikizeeka imezeeka, na hakuna nyumba yenye mikono ya kuiwahi peke yake, hata ya tajiri, hata ya mwenye basi la wageni.

Na Bi Ngat huyo mnajua tulivyokuwa, mimi naye. Alitangaza kisimani kwamba mchuzi wangu wa samaki unafaa kuoshea kwato za nyati. Mimi nikatangaza sokoni kwamba ndiyo maana mumewe haachi kuja kuula, miguu yake ilikuwa inahitaji. Alipojifungua pacha sikwenda kuwaona mpaka walipoanza kutambaa, na siku hiyo nilipita tu, eti natafuta bata wangu. Tulinuniana misimu mizima. Lakini wiki ya kupandikiza ikifika tulikuwa tunashuka majini pamoja, makalio juu, vichwa chini, tunarudi kinyumenyume mstari kwa mstari huku tunatukanana kwa sauti ya chini ili vijana wasisikie, na hakuna hata msimu mmoja ambao yeye alikosa zamu yangu au mimi yake. Ugomvi ulikuwa wetu. Zamu ilikuwa ya mpunga.

Siku tuliyomzika baba yenu mvua ilikuwa imemwagika usiku kucha, na tuta la kwenda jaruba la juu mnalijua lilivyo, jembamba kama ulimi wa ng'ombe. Wale pacha wa Bi Ngat walikuwa mbele, wanaume wengine nyuma na ubavuni, waliokosa nafasi ya kukanyaga tuta wakatembea ndani ya maji mpaka mapajani. Juu ya jeneza lilikuwepo bakuli la maji, kama ilivyo desturi, na likimwagika aibu ni ya wabebaji. Nilitembea nyuma nikilitazama bakuli lile kuliko nilivyolitazama jeneza. Tulipofika, Bi Ngat akaliinua akaja akanionyesha, akasema, "Tazama. Mumeo hakulowa." Hiyo ndiyo pole aliyonipa, na sijapewa pole nyingine iliyoniingia kama ile.

Sasa, wageni. Khoat, usihangaike kwenye kiti, sisemi wageni ni wabaya. Uliporudi kutoka mjini ukasema kuna watu wanaolipa ili waje kulima na kuvua, mimi nilicheka mpaka tambuu ikanitoka kinywani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako ulimpa jembe kabla hajashuka kwenye basi, tena akashukuru. Na wakaja. Lile jibaba lililozama topeni likavutwa na nyati, likatoka bila suruali, nalikumbuka vizuri, sikufumba macho. Yule msichana aliyemkumbatia kambare akalia kwa furaha. Maskini hakujua kwamba kambare yule Xuyen alimnunua sokoni alfajiri akamtia bwawani kabla ya chai, na kwamba jioni angerudishwa kwenye tangi amngojee mgeni mwingine. Kulikuwa na kambare mmoja mwenye sharubu iliyokatika, naapa aliijua kazi. Akiona miguu myeupe inaingia majini alikuwa anakwenda mwenyewe chini ya tenga.

Tenga lenyewe ni la baba yenu, lile la mianzi lisilo na kitako, alilokuwa anaingia nalo bwawani mwisho wa mwaka tunapolikausha ili kila jirani aondoke na samaki wa sikukuu. Siku hizi bwawa halikaushwi, majirani hawaitwi. Samaki anavuliwa kila siku na haliwi na mtu.

Hata hayo niliyavumilia. Nilikaa mlangoni na meno yangu meusi, urembo wa usichana wetu, wakanipiga picha, na Xuyen akawaambia koti langu kuukuu ni la mababu, akaliuza. Nuna sasa, mwanangu, ndiyo zamu yako. Koti lile nililinunua mwaka ule Thoa alipoolewa.

Kilichonishinda ni msimu wa juzi. Watu wa Bi Ngat walishatupandia majaruba yetu yote, walikuja na giza la alfajiri, pacha na wake zao na wajukuu, wakainama mpaka ikaisha. Ikafika zamu yake. Miche yake ilikuwa imetimia, imesimama kitaluni kijani kama kitambaa kipya. Na siku hiyo Khoat ana basi. Mwanangu huyu, niliyemzaa mimi, akaona amepata werevu ambao hakuna aliyewahi kuufikiria toka mpunga uumbwe: akawachukua wageni wake, akawavika makofia ya majani, akawapeleka jarubani kwa Bi Ngat wakalipe deni letu la migongo.

Nilikuwa bado natembea kwa fimbo. Nikaenda, nikaona. Walishika miche mafungumafungu kama watu wanaopanda maua juu ya kaburi. Wengine waliididimiza mpaka ncha zikazama, wengine waliiweka juu juu ikaelea. Walikanyaga walipokwisha kupanda, wakarushiana tope, wakacheka, na si kosa lao, waliambiwa wamekuja kucheka. Jua lilipopanda wakaitwa kula, wakaenda. Wakati huo pacha walikuwa wamekwenda kupanda kwingine, walikokuwa wanadaiwa zamu, maana wao walijua kwao tutakuja sisi. Bi Ngat alibaki peke yake juu ya tuta, na miche ikimjia miguuni kwa upepo.

Akamuuliza Khoat watu wako wapi. Na wewe ukamjibu, nilikusikia kwa masikio haya, "Shangazi, hawa wamelipa ili wakufanyie kazi. Wewe unaipata bure."

Hakupiga kelele. Mimi ninayemjua nilitamani apige kelele. Alisema, "Nilikukopesha migongo, Khoat. Umenilipa picha."

Walipanda upya, ndiyo, lakini kwa miche iliyokwisha kuzeeka, na mavuno yake yalikuwa makapi. Kuku walipita juu yake wakaendelea na safari. Ukaona aibu kidogo, hilo nakukubalia, ukampelekea kapu la samaki. Akalirudisha mwenyewe, akaliweka kizingitini, akamwonyesha Xuyen kambare aliyelala juu ya wenzake, mwenye sharubu iliyokatika, akasema, "Huyu tunafahamiana. Nilimwona sokoni." Kijiji kizima kilicheka wiki nzima, na mimi pia nilicheka, Mungu wa mbingu ananiona, kisha nikaacha, kwa sababu niliona kwamba baada ya kucheka hakuna aliyekuja tena uani kwetu.

Nilikwenda kwake na tambuu. Akaipokea, akapaka chokaa, akatafuna, tukakaa. Akaniambia, "Wewe sina neno nawe, kizee. Lakini watu wangu hawakanyagi tena kwa Khoat. Na wewe unalala kwa Khoat." Na pacha wake ndio vichwa vya wabebaji kijijini hapa, wasipoinama wao, hainami mtu. Mchuma janga hula na wa kwao, wanangu. Khoat alichuma, anayekula ni mimi, na sahani ni jeneza.

Mlidhani sikuona siku ya kumbukumbu ya baba yenu? Mlitandika meza tatu, mkapika, mkawasha ubani, mkangoja. Chakula kikapoa. Hakuja hata mlevi. Kisha nikasikia basi, nikasikia Xuyen anawakaribisha, na wageni wakakalishwa kwenye meza za marehemu mume wangu wakaambiwa hiki ndicho chakula chetu cha kijijini. Walikila vizuri, watoto wa watu, wakasifu. Mmoja alisimama mbele ya picha ya marehemu akainamisha kichwa, na huyo peke yake ndiye aliyemwombea siku ile. Nikageukia ukutani.

Nipeni maji. Kidogo, kidogo, sitaki kuogelea.

Sasa mali. Khoat, nyumba ni yako na bwawa ni lako, na wageni wako endelea nao, wana faida na wana adabu kuliko wengine humu. Thoa, jaruba la juu nakuachia wewe, penye kaburi, na hapo asishuke mgeni hata akilia. Tenga la baba yako chukua pia, usilitundike ukutani kama pembe. Mwisho wa mwaka mlazimishe kaka yako akaushe bwawa, na samaki wa kwanza aende kwa Bi Ngat, awe wa bwawani kweli, yule ana macho. Xuyen, kijungu changu cha chokaa ni chako. Umeshangaa. Wewe ndiye uliyeniosha miguu miezi hii yote, na koti nimekusamehe, lilikuwa linaniwasha.

Na sasa lile nililowaitia. Khoat, tazama dirishani. Kile kitalu pale ng'ambo ya mfereji ni cha Bi Ngat, na tangu asubuhi nasikia wanang'oa miche, nasikia wanavyoigonga mizizi mguuni kutoa tope. Kesho wanapanda. Kesho hakuna basi. Kama lipo, waambie watu mama anakufa, hutakuwa umesema uongo. Alfajiri nendeni ninyi nyote, wewe mbele, mshuke jarubani kwake bila kualikwa. Msiombe radhi, maneno amesikia. Msilete zawadi. Shikeni miche, inameni, pandeni, mstari wa mwisho upande wa mfereji ambako tope ni zito na hakuna anayepapenda. Atawafukuza; pandeni. Atawatukana, na ana kipaji hicho, mimi nilimnoa, pandeni. Ikifika saa ya kula msikae naye mpaka awaite. Akiwaita, akamimina chai hata kikombe kimoja mkapokezana, basi nina mabega.

Asipowaita, rudini kesho kutwa. Na zamu nyingine. Dawa ya deni ni kulipa, na hili lina msimu wake.

Kama mtaona uzito, kama kiuno kitawauma na jua litawachoma, basi msijisumbue. Waiteni wageni wenu wanibebe. Wavisheni makofia, wapangeni juu ya tuta, nipitisheni baada ya kuvua na kabla ya chakula, na bakuli la maji msiliweke, maana sitaki baba yenu aniulize huko niendako, mke wangu, mbona umefika umelowa.

Usilie, Thoa. Nilisema.

Khoat, njoo hapa. Vua viatu. Weka mguu wako kitandani niuone, macho yangu yameanza kuingia ukungu. Angalia huo. Mweupe, laini, kucha safi. Ulizaliwa na mguu mzuri kama huu, mwanangu, nikafurahi, na leo umenirudishia vilevile.

Haya. Mkono wangu hauinuki, leteni vichwa vyenu chini yake... hivyo. Mvua iwakute mmeshapanda. Jua liwakute mmeshavuna. Mlango wenu usikose mtu wa kuugonga na mgongo wenu usikose mwenzake. Yaliyopita baina yangu nanyi... yamekwenda na maji ya mfereji.

Mkirudi kesho msinawe. Njooni hivyo hivyo hapa kitandani, na tope, nilisikie harufu. Xuyen, usiseme kitu juu ya shuka.

Nendeni mkalale, muamke mapema. Miche haimngoji mtu.

Mimi nitajaribu.