Kitenge cha Mama Nyuma ya Watoto wa Fizi

Jumamosi tarehe 14 Septemba 2002, katika uwanja wa kanisa la Fizi, walikuwepo baba yetu, mama yetu Constance, kaka Fabien aliyebeba kamera, watoto thelathini na mmoja waliopotezana na wazazi wao vitani, na mimi Arlette, binti wa mwisho, ninayewasomea haya.

Baba yetu Isidore Wilondja alizaliwa Fizi tarehe 4 Juni 1953, akasoma shule ya msingi hapohapo, akajifunza upigaji picha Uvira mwaka 1971, akafungua studio Baraka mwaka 1976, akamwoa mama tarehe 18 Agosti 1979, wakapata watoto wanne, tumebaki wawili.

Mpaka studio ilipoporwa mwaka 1998, kila mteja alikaa mbele ya shuka jeupe, na baba alipima mwanga kwa macho yake, hakuna aliyerudisha picha. Shirika la kutafuta familia lilipomkabidhi kamera ya dijitali, Agosti 2002, alitundika shuka lilelile, lakini kamera hiyo hujipimia mwanga yenyewe, ikaona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, nyuso za watoto zikatoka nyeusi kama masizi.

Mama Latifa wa Makobola, aliyepotezana na bintiye Munira mwaka 2001, alizitazama picha zote zilizobandikwa sokoni ili wazazi watambue watoto wao, asimwone, akaja kwetu kuaga, kwa sababu alikuwa amepata nafasi katika mtumbwi wa kwenda Kigoma kumtafuta huko.

“Papa Isidore,” alisema, “mashine yako inaona shuka tu, batoto haibaone!”

Baba hakukasirika, alimwomba angoje siku tano, mama akampa kitanda chake, nasi tukapanda Fizi kwa miguu kuwapiga watoto picha upya. Pale mama alivua kitenge chake cha juu, cha buluu iliyokolea, kikatundikwa badala ya shuka, na baba akabonyeza kitufe cha kuongeza mwanga, akatazama kioo kidogo, akaongeza tena, akacheka: “Akili iko nayo, lakini tuikumbushe!”

Jumatano mama Latifa aliweka kidole juu ya picha ya tisa, hakukiondoa.

Kisukari kilimwanza baba Januari 2004, akafariki hospitali ya Baraka tarehe 9 Mei. Tunawashukuru waganga, wapiga picha wenzake, na majirani waliotuchotea maji bila kuombwa.

Baba, pumzika kwa amani, umetuonyesha.

Munira yuko darasa la pili.