Amina kwa Sala za Fundi Vina

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Vina, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yetu, seremala. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba. Mama alisimulia kwamba mtoto huyu alilia kwa vituo: analia, anavuta pumzi, analia tena kwa urefu ule ule. Sisi wadogo zake tulijua mama anatia chumvi, lakini nani angembishia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Hakuendelea, kwa kuwa baba alivunjika mguu na kazi ikasimama. Alichotoka nacho shuleni ni kutunga mashairi na kuhesabu mizani kwa vidole.

Alijifunza ushonaji, na mwaka 1974 akafungua kibanda chake mkabala na kituo cha basi. Alitunga huku akikanyaga cherehani. Ubeti ukimjia, aliuandika kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa, kisha akaufunika kwa bitana. Wengi mlioketi hapa mmevaa sala zake bila kujua.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na fundi saa. Shemeji alimwandikia barua ya uchumba, akajibiwa kwa beti sita. Yeye hajui kutunga hata mstari mmoja, akajibu kwa neno moja tu: "Nimeelewa." Dada alisema hapo ndipo alipompenda.

Sasa tufike pale ambapo wengine wangependa tuparuke. Dada aliomba kwa mashairi, kanisani, mbele za watu. Mwaka 1988 mzee wa kanisa alimkataza kuongoza sala, akisema sala hutoka moyoni, haipangwi. Dada alisimama na futi yake shingoni.

"Mzee, suruali yako naipima mara mbili kabla ya kukata," alimwambia. "Maneno ya Mungu ndiyo niyapeleke bila kipimo?"

Kufikia 2019 alikuwa amenyimwa zamu ya kuongoza sala miaka thelathini na mmoja. Hakuhama. Alikaa benchi la nyuma na kuomba vile vile, kwa mizani, na waliokaa karibu naye wakawa wanaitikia.

Mwaka 2019 mzee huyo alifiwa na mkewe. Kaburini alijaribu kuomba, maneno yakamkauka. Dada alisogea akamsaidia kwa beti nne, na mzee akaitikia "Amina" kwa sauti, sote tukasikia. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba yale yalikuwa maneno ya faraja tu, si sala. Dada alicheka.

"Amina yake ninayo," alituambia, "na hairudishwi."

Aliugua figo tangu Aprili 2022. Wodini wagonjwa walimwita kitandani kwao awaombee kabla ya kupelekwa kwenye upasuaji, na hakuna aliyemuuliza kama ile ni sala au shairi. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Tumeumia sana.

Aliagiza ubeti wake wa mwisho usomwe kama sala. Kamati ya mazishi iliuweka kwenye ratiba chini ya "Burudani". Sisi wanafamilia tuliirudisha ratiba kwa mchapaji, na sasa uko ukurasa wa tatu, chini ya "Sala".

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanane, ndugu wanne na cherehani isiyouzwa.

Tusimame, tuinamishe vichwa.

Bwana uzi umekwisha, sindano naiachia,
Watu walinikatisha, vina nikashikilia,
Kama mshono watosha, nipokee naingia,
Na kama haujatosha, fumua, nitarudia.

Mzee wetu wa kanisa yuko mstari wa mbele, nasi tunamheshimu. Dada apumzike kwa amani. Sisi hatukai chini mpaka Amina isikike.