Aliyeshika Ncha ya Pili ya Shuka

Ndugu, jamaa na marafiki, tunayemsindikiza leo ni dada yetu mkubwa. Kazini walimwita Shika Ncha, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, kifungua mimba wa wazazi wetu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1984. Sare zake alizitandaza chini ya godoro usiku ili zinyooke, na zetu pia, tutake tusitake.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka ya wodini hukunjwa na watu wawili, kila mmoja upande wake, na sauti yake ilishinda mashine: "Shika ncha, mwanangu, usilale!" Humo ndimo alimompata shemeji yetu, fundi aliyeitwa kutengeneza boila. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, naye akaimaliza baada ya wiki. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1990, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2012, akiwa mjumbe wa chama cha wafanyakazi, alitia saini mkataba ulioongeza mishahara ya waajiriwa wa kudumu na kushusha malipo ya kuanzia ya wale wa nusu siku. Alirudi nyumbani akiimba. Muda si mrefu akapangiwa kukunja mashuka na binti mgeni wa nusu siku, ambaye alimwuliza bila ubaya wowote, "Mama, kwani huu upande wangu ni mwepesi kuliko wako?" Dada alirudi nyumbani na swali hilo. Ilimuuma sana.

Tangu hapo akawa na wimbo mmoja: kwa saa ileile ya kazi, wanaoanza walipwe sawa. Wenzake walimjia juu. "Sisi tulisota, nao wasote!" Akawaambia, "Mimi ndiye niliyewatia shimoni. Mnataka nife nimewaacha humo?" Mikataba miwili ilipita akiambulia patupu.

Februari mwaka jana aligundulika ana saratani. Vikao hakuviacha, alihudhuria kwa simu kutoka kitandani, akikohoa makusudi kila mwajiri alipoanza kuzungukazunguka. Tarehe 30 mwezi uliopita mkataba mpya ulitiwa saini, na kipengele chake kimo. Yule binti wa shuka, ambaye sasa ni mjumbe, alimpelekea habari wodini. Marehemu alilia kidogo, kisha akasema, "Haya, sasa ninyoosheeni shuka hili, limenikera tangu asubuhi." Alifariki siku ya tatu, usingizini.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake, na vijana wa nusu siku walioanza kazi Jumatatu hii kwa malipo mapya, wasiomjua hata kwa sura. Hao nao ni wafiwa, na viti vyao viko mbele pamoja na vyetu.

Pumzika kwa amani, dada. Ncha tumeishika.