Bibi Kijani na Mtaa Uliobaki Manjano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika idara yetu ya maji, mtunza kanzidata ya miundombinu, ambaye sote tunamwita Bibi Kijani, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tulimuuliza angependa tumwandike vipi katika programu hii ya sherehe ya kumuaga. Alijibu kwamba sifa tuzipunguze, na lile la mtaa wa nyuma ya shule tusiliruke. Tumejitahidi kumtii katika hilo la pili.

Alianza kazi kwenye meza ya malalamiko, msichana mwembamba mwenye simu sikioni, akitukanwa kutwa na watu waliokosa maji kana kwamba ameyanywa yeye. Kutoka hapo alihamia chumba cha ramani, ambako mwandishi wa maneno haya alikuwa mchoraji. Siku hizo mabomba ya mji mzima yalikuwa kwenye makaratasi makubwa yaliyoning'inizwa kama nguo za kufua, na panya walikuwa wameshakula vitongoji viwili. Kompyuta zilipoletwa, wengi wetu tulizitazama kama mgeni aliyekuja na mizigo mingi mno. Yeye akaenda kusoma. Aliporudi alikaa chini akaingiza mji wote, bomba kwa bomba, valvu kwa valvu, kazi iliyomla miaka na kumvalisha miwani.

Jina la Bibi Kijani lilitokana na rangi za ramani yake. Kijani maana yake mfumo na ardhi vinasema jambo moja. Manjano, halijathibitishwa. Nyekundu, tumekosea. Palipokuwa na nukta moja nyekundu kwenye kioo chake, chai yake ilipoa. Mumewe alizoea kututania kwamba hata nyumbani hukagua masufuria kama yamerudi mahali yalipoandikishwa.

Mafundi walipogawiwa simu za kazi, kila moja ikiwa na nakala ya ramani ya eneo la kikosi chake, yeye ndiye aliyetunga sheria iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha chai: Simu rafuni, ndipo chai. Ukiiweka simu kwenye rafu ile inachaji, na papo hapo inazungumza na seva. Inatoa iliyoyaona na kupokea mapya. Aliyeishika sheria hiyo kuliko wote alikuwa fundi mkuu wa kikosi cha kwanza, ambaye tulimwita Koleo kwa namna alivyokuwa akishika jambo asiliachie. Koleo ni kaka wa mumewe Bibi Kijani, kwa hiyo ni shemeji yake, na utani wao ulikuwa sehemu ya mshahara wetu. Kila adhuhuri aliingia wa kwanza, akaweka simu, akapaza sauti hadi chumba cha ramani: "Shemeji, nimeshaungama, nipe chai!" Naye humjibu kwamba anayeungama kila siku ndiye anayekosa kila siku.

Aliyeishika kidogo kuliko wote alikuwa Baba Kesho wa kikosi cha tatu. Simu yake ilikaa kwenye dashibodi ya gari, imejaa kazi za majuma, na kila akiulizwa alisema ataileta kesho. Bibi Kijani alimfuata mpaka langoni akimwambia kesho yake imeshaota mvi.

Ndipo, miaka minne iliyopita, diski za seva zikafa. Zilikufa zote kwa pamoja, na tulipofungua nakala za akiba tukakuta zile za karibuni zimeharibika. Iliyokuwa nzima ilikuwa ya kabla ya mvua. Bibi Kijani akairejesha hiyo. Asubuhi ile ramani ilipowaka tena kwenye kioo tulipiga makofi, maana kila kitu kilikuwapo. Yeye hakupiga. Alisema kanzidata imerudi nyuma, mabomba hayajarudi.

Sisi tulioondoka kwetu zamani hatukuhitaji kufafanuliwa. Mimi hadi leo naweza kumwelekeza mtu kutoka stesheni hadi kwenye mlango wa nyumba niliyozaliwa, kona baada ya kona, bila kusita. Waliopita huko juzi wananiambia stesheni yenyewe haipo. Kumbukumbu safi kabisa inaweza kuwa ya mji ambao hauko tena, na haina njia ya kujijua.

Seva ilipoamka ilijiona ndiyo bwana mkubwa. Simu yoyote iliyoleta habari za bomba isilolijua, iliambiwa bomba hilo halipo, ilifute. Adhuhuri vikosi vikaanza kuingia. Bibi Kijani aliona kwenye kioo chake simu ya kikosi cha pili ikianza kusahau, akatoka mbio na kiatu kimoja mguuni, akang'oa waya wa rafu, akazizoa simu zote kwenye kapu la mikate. Mafundi walidhani nyumba inaungua. Koleo, kikombe mkononi, alimuuliza kama amekuja kuchukua simu au mikate.

Siku zilizofuata alifanya kazi ambayo leo idara nyingine huja kuisomea kwetu. Alilinganisha kila simu na seva, mstari kwa mstari. Palipotofautiana ndipo palipofanyika kazi tangu mvua. Alichukua neno la simu, akalipa rangi ya manjano, akatuma mtu akaangalie ardhini, ndipo likawa kijani. Simu ya Baba Kesho, ambayo haikuwa imegusa rafu tangu msimu uliopita, ikageuka hazina. Mwenyewe alitembea uani kama bwana harusi. "Mlinitukana bure," alisema. "Uvivu wangu ndio bekapu yenu." Na Bibi Kijani, kwa meno yaliyokazana, akamshukuru mbele ya watu.

Ilipofika zamu ya simu ya Koleo, hakukuwa na tofauti hata moja. Kijani tupu, toka mwanzo hadi mwisho. Bibi Kijani alifurahi. Alituambia kwamba shemeji yake hana dosari, angalau mmoja anafuata sheria, akaiweka simu pembeni na kuendelea na vikosi vyenye matatizo.

Lakini Koleo, siku ile kama siku zote, alikuwa ameingia wa kwanza. Simu yake ilikuwa imeshamaliza kuungama kabla Bibi Kijani hajatoka mbio na kiatu kimoja. Simu na seva zilikubaliana kwa sababu zote mbili zilikuwa zimesahau. Na Koleo mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta, anakunywa chai, kazi ya msimu mzima iko kichwani mwake. Hakuna aliyemuuliza.

Kazi hiyo ilikuwa mtaa wa nyuma ya shule. Wakati wa mvua kikosi chake kilitoa bomba la zamani lililooza na kulaza jipya kwa njia nyingine, ng'ambo ya mtaro, mbali na mizizi. Wanaojua mabomba walisema hawajaona mlazo mzuri kama ule. Kabla hawajafukia, Koleo alimleta mkewe auone, kama mtu anavyomwonyesha mwenzake nyumba waliyoijenga.

Baada ya muda si mrefu, watu wa mitaro wakauliza wapi wanaweza kuchimba. Bibi Kijani akatazama ramani. Ng'ambo ile ilikuwa kijani na tupu. Akawaruhusu. Katapila likateremsha kijiko chake na kulikata bomba katikati. Maji yakapanda juu ya ukuta wa shule, watoto wakajitoa madarasani wenyewe, na kwa saa nzima hakuna mwalimu aliyesikilizwa. Wao walicheka sana. Koleo aliitwa, akafunga valvu, akasimama akiangalia ndani ya shimo. Kisha akaja ofisini na matope yake, akasimama mlangoni.

"Shemeji," alisema, "ulimuuliza nani?"

Angeweza kusema mengi. Diski zilikuwa zimekufa, kapu la mikate lilikuwa shahidi, na katika idara nzima hakuna aliyefanya zaidi yake. Alisema ukweli tu, kwamba aliiuliza simu.

"Basi endelea kuiuliza."

Koleo alilitengeneza bomba lake. Aliendelea kuweka simu rafuni kila adhuhuri kabla ya chai, mtiifu vilevile, lakini ule mtaa aliuacha mtupu ndani ya simu, na hapakuwa na wa kumlazimisha. Hakupaza tena sauti hadi chumba cha ramani. Tangu siku ile hakumwita shemeji, alimwita Afisa. Sisi tuliokaa kati yao kwenye meza ya chai tulijua neno hilo lilivyokuwa zito, maana lilikuwa la heshima. Mwaka uliofuata alistaafu, akakataa asiandikiwe programu kama hii. Kwenye shughuli za ukoo, tunaambiwa, hukaa upande wa wanaume wa mbali, na mume wa Bibi Kijani hubeba salamu huku na huku mpaka amechoka.

Kutokana na shimo lile Bibi Kijani alitunga utaratibu tunaoutumia sasa. Tukirejesha nakala ya akiba, kwanza rafu inafungwa kwa kufuli. Kisha kila fundi anaketi naye na kusimulia kwa mdomo wake amefanya nini na wapi. Simu inafuata. Ardhi inahukumu mwisho. Kijani isiyo na neno la mtu ndani yake haihesabiwi. Tangu hapo tumerejesha mara mbili na hakuna bomba lililokatwa. Mafundi wapya hulalamika kwamba anawahoji kama mama mkwe. Hawajui kupitia kwao anamhoji nani.

Mtaa wa nyuma ya shule uko manjano hadi leo. Wahandisi walichimba mashimo ya majaribio, na kila mtu anajua bomba limepita wapi. Mkuu wa idara amemwambia zaidi ya mara moja aupake kijani, kwa kuwa wageni wakija huuliza. Huo ndio ukaidi pekee ulioandikwa katika faili lake. Husema aliyelaza ndiye atakayethibitisha. Juzi alipomkabidhi ofisi binti anayechukua nafasi yake, alimwonyesha kila kitu, nywila, funguo, na ile seva inayopenda kupigwa kofi ubavuni, akamwomba kitu kimoja, asiuguse mtaa ule mpaka mwenyewe aje.

Juma lililopita alikwenda kwa Koleo peke yake, bila mumewe wa kubeba salamu. Alimkuta anatengeneza banda la kuku. Alimuuliza lile ambalo angemuuliza miaka minne iliyopita, kwa gharama ya hatua chache na kikombe kimoja cha chai: "Shemeji, bomba ulilipitisha wapi?" Koleo alipigilia misumari iliyokuwa mdomoni mwake, mmoja mmoja, kisha akasema kuku wanamsubiri. Bibi Kijani akarudi nyumbani. Alitusimulia bila kulia, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Maneno haya yalipokuwa yanakwenda kupigwa chapa, mke wa Koleo alipiga simu ofisini. Hakusema kama watakuja. Alisema mumewe ameuliza tu, siku hiyo chai itakuwa kabla ya hotuba au baada yake. Katika ratiba yetu ilikuwa baada. Tumeibadilisha.

Bibi Kijani, tunakushukuru kwa kila bomba unalolijua kwa jina, kwa kutunza mji ambao wengi wetu tuliufikia tukiwa wageni, na kwa kutufundisha kumuuliza mtu kabla ya kuuliza kitu. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na kengele ya chumba cha seva, na chai inayonywewa ingali moto. Kiti cha kulia kwako hatujampa mtu, na kwenye rafu ya chumba cha chai tumeacha nafasi ya simu moja.